Taya la Shemeji

Mimi ni mlinzi wa ukumbi katika jumba la makumbusho kwenye mji mmoja wa kaskazini mwa Ujerumani. Kazi yangu ni kuwaambia watoto wasiguse, kuwaonyesha wazee choo kilipo, na jioni kuhakikisha hakuna aliyesinzia nyuma ya kabati la samaki. Mkataba wangu hausemi zaidi ya hayo. Lakini kwa Watanzania wenzangu wa huku, na kwa ndugu wa pande zote mbili za ndoa yangu, mtu anayeshinda kutwa mbele ya mifupa ya kale hawezi kuwa haijui. Kwa hiyo yeyote aliyenunua kisukuku gulioni au mtandaoni hukifunga kwenye gazeti akaja nacho kwangu, tena saa za chakula.

Nimejaribu kukataa. Nimewaambia kwamba askari wa benki hachapishi noti. Wanacheka, wananiita Profesa, wanafungua gazeti.

Na kidogo nimeokota, sikatai. Kwenye karakana ya jumba letu yuko mama mmoja, fundi wa kusafisha na kuunga visukuku, ambaye saa ya chai huongea kuliko anavyokunywa. Yeye ndiye aliyenipa lenzi yangu, ya kukuza mara kumi, na ndiye aliyenifundisha jambo ambalo sijafanikiwa kumwelewesha ndugu yangu hata mmoja: kitu cha uongo mtupu, kilichofinyangwa mwanzo mpaka mwisho, ndicho rahisi kukitambua. Kinachosumbua ni kile chenye kipande cha kweli ndani yake. Jino la kweli kwenye taya la uongo. Mfupa wa kweli wenye jina la mnyama mwingine. Utomvu wa kweli ulioongezewa umri. Mtu akiniuliza, "Ni halisi?" jibu langu karibu kila mara huwa na "lakini", na hakuna aliyetoka kwake na gazeti kwapani ili aje kusikia "lakini". Ameshalipa. Anachotafuta ni mtu wa kuitikia amina.

Chukua taya la shemeji. Shemeji, mume wa dada yangu, ni mtu wa Lindi, na kule kwao ndiko iliko Tendaguru, kilima ambako Wajerumani walichimbisha mifupa ya dainosari kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, wapagazi wakaibeba vichwani mpaka bandarini Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Shemeji husimulia habari hizo kana kwamba jembe alilishika yeye. "Sisi mifupa tunaijua," husema. Kwa ujuzi huo wa damu alikwenda kwenye gulio la mawe, yale ya mwisho wa juma ambayo huku hufanyika kwenye kumbi za michezo, meza baada ya meza za madini, shanga na visukuku, akarudi na taya lenye meno matano limelala juu ya bamba la mwamba wa rangi ya mchanga. Lilikuja na kikaratasi: "Dainosari, Moroko." Bei yake alimtajia dada yangu nusu. Mimi alinitajia yote, kwa siri, na siri hiyo naitunza.

"Shemeji, mtazame mnyama huyo," aliniambia. "Hatari tupu."

Nilimtazama. Kwanza, hakuwa dainosari. Alikuwa mosasauri, mtambaazi wa baharini, ambaye kwa ukoo yuko karibu na kenge na nyoka kuliko na dainosari yeyote. Nilianza na hilo kwa kuwa ndilo lililokuwa jepesi kati ya yote niliyokuwa nayo.

"Kenge?" akauliza.

Dada yangu aliangua kicheko jikoni. Alikuwa ameshaona kwamba mumewe ameingia mkenge, sasa anasikia kwamba mnyama mwenyewe ni wa ukoo huo.

Mambo mazito yalikuwa kwenye ule mwamba. Kule Moroko, kwenye machimbo ya fosfeti ya Khouribga, meno ya mosasauri ni mengi mno, kwa sababu mnyama huyo aliangusha meno na kuota mengine maisha yake yote. Jino moja moja bei yake ni ndogo. Taya zima ni jambo adimu, na adimu ina bei yake. Basi fundi mwenye njaa na akili hufanya nini? Hukusanya meno ya kweli, kila moja kutoka kwa marehemu wake, huchanganya mchanga na gundi, hufinyanga taya, kisha hupanda meno.

Lenzi haikuhitaji muda mrefu. Kati ya meno na mwamba hapakuwa na mfupa wowote, palikuwa na mchanga wa punje zilizolingana, na ndani ya mchanga viputo vya hewa. Jino la pili lilielekea nyuma, la tatu lilielekea kwa jirani. La mwisho lilikuwa fupi na nene, la mnyama wa kuvunja magamba ya konokono. La kabla yake jembamba lenye ncha kali, la kushikia samaki. Kinywa kimoja, walaji wawili. Nikazima taa ya sebuleni na kuwasha kile kitochi cha kukagulia noti bandia. Meno yaling'aa kivyake, mchanga kivyake.

"Meno ni ya kweli," nikasema.

"Umesikia!" Shemeji akaelekeza sauti jikoni.

"Lakini..."

Alikuwa ameshaanza kulifunga gazeti.

Aliyeimaliza kesi ile ni dada yangu, ambaye ana ugomvi wa siku nyingi na vumbi. Jumamosi moja alilitia taya kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, akaenda kupokea simu ya kutoka nyumbani. Simu za nyumbani zina urefu wake, hasa kukiwa na harusi au msiba, na siku hiyo vilikuwapo vyote viwili. Aliporudi, beseni lilikuwa tope, na chini ya tope meno matano yakimeta kwa usafi ambao hayakuwahi kuuona tangu kabla dainosari hawajatoweka, miaka milioni 66 iliyopita. Fundi wa Khouribga alitumia gundi ya maji.

Akanipigia. "Kaka, taya limeyeyuka."

"Na meno?"

"Meno yapo. Nimeyaanika."

Shemeji hakumlaumu muuzaji hata kidogo. Aliilaumu sabuni, akasema za huku ni kali.

Huyo ni mmoja. Wanaoletwa kwa wingi zaidi ni trilobaiti, wale wadudu wa bahari ya kale wenye mgongo wa pingili, ambao walikwisha kabisa kama miaka milioni 252 iliyopita na sasa wanauzwa kila mahali. Wengi hutoka maeneo ya Alnif, kusini mwa Moroko. Wanunuzi huogopa ufa. Wakiona mstari wa gundi umepita katikati ya mnyama wanarudisha mezani, wanachagua aliye mzima. Wanakimbia kitu kizuri. Mwamba wa kule ni mgumu, hupasuliwa kwa nyundo, na mara nyingi mnyama huonekana kwa sababu amepasuka pamoja na mwamba wake. Vipande huunganishwa, ndipo fundi anaanza kazi ya kumtoa na sindano za chuma. Ufa uliozibwa, unaoanza kwenye jiwe, ukapita mgongoni, ukatokea upande wa pili, ni cheti cha kuzaliwa. Asiye na ufa, mwenye miiba mirefu isiyovunjika hata mmoja, na ambaye muuzaji anamwachia kwa bei ya mlo wa mchana, huyo ana la kueleza. Mara nyingi ametengenezwa kwa plastiki, au kwa ule uji mzito wa kuzibia bodi za magari zilizobonyea, na lenzi itakuonyesha vitundu vya hewa mgongoni ambavyo hakuna mdudu aliyewahi kuwa navyo.

Binamu wa mke wangu alinunua wawili kwa wauzaji wawili tofauti. Wote walikuwa na kovu lile lile kwenye jicho la kushoto. Nilimwekea mmoja kando ya mwenzake, nikampa lenzi, nikasubiri. Alitazama kwa muda mrefu sana.

"Labda ni mapacha," akasema.

Kwa mifupa, kuna kipimo cha ulimi. Si mzaha. Mfupa wa kale una vitundu vidogo vidogo vinavyonyonya unyevu, ukiugusa kwa ncha ya ulimi unanata. Jiwe la kawaida halinati. Watafiti hufanya hivyo huko porini wanapotaka kutenganisha mfupa na kokoto. Taabu ni kwamba niliitaja elimu hii mbele za watu, na taabu ya pili ni kwamba mfupa wenyewe uliletwa mwezi wa Ramadhani, muda kidogo kabla ya magharibi, nyumba imejaa waalikwa na sambusa zimeshapangwa. Aliyeuleta alikuwa ameununua kama mguu wa mamothi kutoka Bahari ya Kaskazini. Hilo lenyewe linawezekana. Wavuvi wa Uholanzi wamekuwa wakitoa mifupa ya enzi ya barafu kwenye nyavu zao miaka na miaka, maana sakafu ya bahari ile zamani ilikuwa nchi kavu.

"Profesa, lamba," wakasema.

"Nimefunga."

Ukazuka mjadala wa kisheria. Mmoja alishikilia kwamba mfupa hauna ladha, kwa hiyo haubatilishi. Mwingine akauliza mnyama mwenyewe alichinjwa vipi. Wa tatu alitaka tumpigie simu sheikh Tanga, na nadhani angepigiwa kweli kama tusingemkumbuka jirani yetu wa Bukoba, Mkristo, mwalikwa pekee mwenye ulimi huru. Akaitwa, akapewa mfupa, watu wakamzunguka. Akalamba. Ukanata, ukanata kweli, ikabidi auvute kidogo. Ukumbi ukashangilia.

"Wa nani sasa?" akauliza, akifuta mdomo.

Hapo ndipo ulimi unapoishia. Utakuambia mfupa, hautakuambia wa nani. Mimi kwa macho tu nilijiuliza ni mamothi gani mwenye mguu mwembamba vile, na siku ya pili mama wa karakana alihitaji kuugeuza mara moja: farasi. Farasi wa enzi ya barafu, mkongwe wa kweli, aliyepita huko na mamothi wenyewe. Mwenye mfupa alisikitika kama aliyefiwa. Jirani wa Bukoba akasema yeye, kwa upande wake, hana kinyongo.

Nimekuja kuona kwamba jina ndilo linalonunuliwa. Mzee mmoja wa Lubumbashi, mtu wa heshima zake, aliniletea jino la T. rex kutoka Moroko. Mnyama huyo aliishi magharibi mwa Amerika Kaskazini. Moroko hakufika hata kwa matembezi. Jino lilikuwa la Spinosauri, limenyooka, la mviringo, lenye mistari ya urefu, tofauti na yale bapa yenye makali ya msumeno ya wala nyama wengine. Ncha ilikuwa ya kweli na mzizi ulikuwa wa kweli, ila havikujuana mpaka vilipokutanishwa na gundi, na mahali pa kuungana palipakwa mchanga ili pasionekane. Nikajaribu kumliwaza. "Mzee, Spinosauri anadhaniwa kuwa mrefu kuliko T. rex mwenyewe." Hakuliwazika. Wajukuu, alisema, hilo jina hawalijui.

Kwenye mabamba meusi yaliyong'arishwa, yenye maumbo meupe mfano wa ncha za mishale, wanaandika Orthoceras, na watu hununua mpaka meza na sinki za kunawia za mawe hayo kutoka Erfoud. Wanyama ni wa kweli, jamaa wa ngisi wenye magamba yaliyonyooka, ingawa mara nyingine patasi na rangi vimewasaidia kujitokeza. Jina ndilo si lao: Orthoceras hasa ni wa nchi za Baltiki. Sijawahi kumwambia mtu habari hiyo. Mtu ameshafunga sinki ukutani, maji yanatoka, umwambie nini?

Mpwa wangu naye alipeleka shuleni bamba la chokaa la Solnhofen, kule Bavaria, lenye mchoro mweusi wa jani dogo la matawi mengi. Hakuna jani lililowahi kuota pale. Ni madini ya manganizi yaliyopenya na maji kwenye ufa wa jiwe yakatawanyika kwa namna ile. Mwalimu alikuwa ameshampa alama ya juu kabisa, kwa hiyo serikali ya nyumbani kwetu iliamua kwamba ni jani.

Shemeji, wakati wote huu, alikuwa hajasahau. Tulikwenda Berlin pamoja, familia mbili, na bila shaka tukaenda kumwona yule wa Tendaguru, amesimama katikati ya ukumbi kwa urefu wa mita 13.27, shingo imepotelea juu kwenye vioo vya paa. Watoto walinyamaza. Hata dada yangu alinyamaza. Shemeji alisimama chini yake, mikono nyuma, kifua mbele, akiwatazama wageni wengine kwa jicho la mwenye nyumba. Kisha akaanza kusoma maelezo. Alisoma yote, jambo ambalo kwa uzoefu wangu wa kazi wageni hawafanyi. Akanigeukia, na nikajua kesi ya taya imefunguliwa upya.

"Huyu ameunganishwa," akasema.

"Ndiyo."

"Mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja."

"Ndiyo, shemeji."

"Pengine wameziba kwa vitu vya kutengeneza. Na kichwa kile juu ni nakala, chenyewe kimewekwa kando."

"Ndiyo."

"Sasa huyu mbona hamumtii kwenye beseni?"

Nyinyi, kwa shemeji, ni sayansi yote pamoja na mimi. Nilimjibu kwamba waliomsimamisha, mwaka 1937, hawakuficha. Mifupa ina namba, na Werner Janensch, aliyeongoza uchimbaji, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandika kipi ni cha nani, hata leo mtu anaweza kufuatilia. Karatasi yake shemeji ilisema maneno mawili, na mojawapo halikuwa kweli.

"Kwa hiyo kosa la taya langu ni karatasi?"

"Karatasi na bei."

Akafikiri. Akarudi kusoma. Kumbe alikuwa hajamaliza: Janensch alimpa mnyama jina la Brachiosaurus mwaka 1914, akidhani ni wa jenasi moja na yule wa Marekani, na wataalamu wa baadaye wakaona wanatofautiana, akabatizwa Giraffatitan.

"Yaani jina pia mlikosea."

"Wakasahihisha."

"Baada ya miaka mingapi?"

Nilihesabu kimoyomoyo, nikapendekeza twende tukale.

Nashukuru sikuwahi kumsimulia habari ya nzi wa London. Kwenye Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asilia la London kulikuwa na nzi ndani ya kaharabu ya Baltiki, amehifadhika vizuri mno, wa aina ambayo bado inaishi leo, wala si aina ya kuringia: ni nzi wa chooni. Mtaalamu mkubwa wa nzi, Willi Hennig, alimwandika mwaka 1966, na ikawa ajabu ya kisayansi kwamba nzi wa chooni hakubadilika kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Mwaka 1993 kijana aitwaye Andrew Ross alikuwa akimtazama kwa hadubini, taa ikapasha joto, ukajitokeza ufa kumzunguka nzi. Mtu wa karne ya kumi na tisa alikata kaharabu vipande viwili, akachonga kishimo, akamlaza nzi wa siku zake, akafunika. Wala sikumwambia habari ya Archaeoraptor, ndege mwenye mkia wa dainosari aliyenunuliwa kwa dola 80,000 kwenye maonyesho ya Tucson, Arizona, mwaka 1999, akatolewa kwenye jarida la National Geographic mwaka huo huo, kisha ikagundulika kwamba fundi wa China alimuunganisha kutoka kwa wanyama tofauti. Shemeji akizijua hizi mbili sitalala tena.

Kaharabu yenyewe ilituletea mambo. Huku tuko karibu na Bahari ya Baltiki, watu huokota kaharabu ufukweni baada ya dhoruba, na ni halisi, ina umri wa zaidi ya miaka milioni 40. Lakini hata huko kuna mtego wa peke yake. Pwani ya Usedom, ambako Waingereza walishambulia Peenemünde kwa mabomu mwaka 1943, baharini hutoka vipande vya manjano vya fosforasi vinavyofanana na kaharabu kabisa. Mtu huokota, hutia mfukoni, kipande kikikauka kinawaka. Ushauri unaotolewa ni kuokotea kwenye kopo la bati. Ni kisukuku pekee bandia nijuacho ambacho hujijulisha chenyewe, kupitia suruali.

Shemeji hakuthubutu kuokota. Alinunua. Shangazi yetu wa Bagamoyo alikuwa amekuja kututembelea, na shemeji akataka kumpa zawadi ya kumziba mdomo dada yangu: kidani cha kaharabu, rangi ya asali, mdudu katikati. Kikaratasi, maana sasa shemeji alikuwa ameanza kudai vikaratasi virefu, kilisema: "Kaharabu, Madagaska, miaka milioni 5, mbu aliyenyonya damu ya dainosari." Nilihisi hesabu za muuzaji haziwezi kukaa meza moja, dainosari walishaondoka miaka zaidi ya milioni 60 kabla ya mbu huyo kuzaliwa. Nikanyamaza. Nilikuwa na mpango wa kumvizia shangazi amevua kidani, nikitie tone la ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, nione kama kitanata.

Sikuhitaji. Shangazi alikipokea kwa mikono miwili, akamshukuru mkwewe, akakisugua kwa nguvu kwenye kiganja, akakipeleka puani. Akakisugua tena.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "umeninunulia sandarusi."

Tukanyamaza wote.

"Hii kaharabu, shangazi," shemeji akajitetea. "Imeandikwa."

"Nimeona imeandikwa. Bibi yangu alikuwa nayo kwenye kopo. Ukiisugua inalainika, inanukia hivi. Kaharabu hainati." Akasogeza kidani kwenye mwanga wa dirisha. "Na huyu si mbu, ni kumbikumbi. Kwa wajomba zangu tulikuwa tunawakaanga."

Hapo sasa, nikaona, ndiyo elimu. Sandarusi ni utomvu wa mti, wa kweli kabisa, lakini mchanga. Wa Madagaska na wa mwambao wetu umepimwa ukakutwa na umri wa mamia au maelfu ya miaka, si mamilioni. Wenye kuiuza kama kaharabu wanategemea kwamba mnunuzi hana bibi. Karne ya kumi na tisa mababu zetu waliichimba ardhini pande za Bagamoyo, Rufiji na Kilwa, ikapita Unguja, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakaipakia kwenye majahazi yao makubwa kwenda kutengenezea vanishi ya samani na magari ya farasi. Wanunuzi wa Unguja walijua kuipambanua iliyokomaa, yenye ngozi ya vipele vidogo vidogo, na chakazi, ile changa isiyofaa. Yaani biashara ya kutazama utomvu na kusema huu ni huu si huo tulikuwa nayo sisi kabla kitochi cha noti hakijabuniwa.

"Ulilipa kiasi gani?" shangazi akauliza.

Shemeji akataja. Shangazi akafumba macho, akapiga hesabu ya fedha za nyumbani, akafumbua.

"Babu yangu angepata kiasi hicho," akasema, "angejenga."

Alikivaa hata hivyo, kila siku mpaka alipoondoka, na kila aliyekisifia alimwambia ni sandarusi ya kununuliwa Ulaya. Ikawa sifa.

Jioni ile, sijui kwa kutafuta heshima au kwa uchungu wa euro zake, shemeji alinivuta barazani akanipa wazo. Kama Wazungu wananunua mchanga na gundi, si afadhali yeye awaletee vya kweli? Ana mjomba karibu na Tendaguru. Mfupa mmoja mmoja, kwenye sanduku, katikati ya kanga. Nilimkatiza mapema kuliko nilivyowahi kumkatiza mtu mzima. Nyumbani tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mabaki hayo ni ya taifa, huchimbi wala husafirishi bila kibali. Na asubiri: siku atakayokuwa na kitu halisi chenye karatasi ya kweli, itakuwa karatasi ya mahakama. Akasema alikuwa anatania. Dada yangu, aliyekuwa dirishani juu yetu, akasema hakuwa anatania.

Mara ya mwisho amekuja na zawadi yangu mimi, siku ya Idi, imefungwa vizuri kwa karatasi ya kung'aa badala ya gazeti. Ndani yake jiwe la kahawia lililojisokota na kuchongoka mwishoni, umbo ambalo mtu yeyote aliyewahi kufuga mbwa hahitaji kuelezwa. Kikaratasi, kirefu kuliko vyote, kilisema ni kinyesi cha kale kutoka jimbo la Washington, Marekani.

"Hiki," shemeji akasema, "nani atahangaika kukighushi?"

Swali zuri sana, na jibu lake lilinifanya nimpende. Mawe ya namna ile kutoka Washington yana mgogoro wa miaka mingi: wapo wataalamu wanaosema ni kinyesi, na wapo wanaosema ni udongo tu uliokamuliwa ukapita kwenye nafasi nyembamba, ukagandamana na madini ya chuma, mnyama hakuhusika kabisa. Mwaka 2014 kimoja kirefu, karibu mita nzima, kiliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola 10,000, na aliyelipa hana hakika kama ni mavi. Nikamweleza shemeji yote hayo. Kwa mara ya kwanza alisikiliza "lakini" mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa raha, akaomba nirudie pale pa dola.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la visheti.

"Kama ni mavi," akasema, "hayakai kwenye kabati langu la vyombo. Na kama si mavi, shemeji amekuletea kokoto siku ya Idi. Chagueni wenyewe."

Tulishauriana kwa kunong'ona. Shemeji alipiga kura ya mavi.